Miezi Sita Mingine

Rwamishenye, Bukoba
9 Februari 2025

Mdogo wangu Avit,

Naomba barua hii ikukute mzima na mwenye soksi kavu. Sisi huku hatujambo. Barabara ya kwenda kwetu Kamachumu ina utelezi, lakini migomba imependeza. Mnyauko uliomaliza shamba la jirani haujavuka mpaka wetu. Baba mdogo Privatus anasema ni kwa sababu yeye hupitisha panga kwenye moto kila akimaliza kukata. Duka langu la dawa za mifugo linakwenda. Watu wanakuja kununua dawa ya kupe, wakishaipata wanabaki kuniuliza habari zako.

Mama yupo. Miguu inamvimba. Daktari amemkataza chumvi, naye amemkataza daktari kuongea. Kila Jumamosi nikienda kumwona ananiuliza habari zako, na kila Jumamosi namweleza upya: kwamba ile kampuni ya samaki imewanyang'anya mafundi wageni simu, kwa kuwa bandari yenu sasa ni ya jeshi, kwamba barua zetu zinabebwa na Sista Esther, anayezituma kwa masista wenzake wa huko ndani ya vifurushi, kupitia nchi ya tatu. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Sasa kwa nini hapigi simu?"

Nije kwenye neno lenyewe. Novemba redio ilitangaza kwamba mataifa yameongeza muda wa vikwazo dhidi ya nchi uliyopo, miezi sita mingine, kwa sababu ya hivyo vita vyao. Wewe ulituandikia kwamba meneja hatamrudishia fundi mgeni pasipoti mpaka vikwazo viishe, maana akiondoka hatapatikana mwingine. Je, Mei vitaisha? Watu wa huko wanasemaje?

Na jambo la pili. Uliandika kwamba meli za uvuvi hazitoki tena. Kama hakuna samaki, wewe fundi wa majokofu unagandisha nini?

Dada yako,
Restituta


Bandarini
30 Machi 2025

Dada Restituta, shikamoo.

Mji siutaji, wala nchi, kwa sababu barua zikifunguliwa njiani wanatafuta majina. Soksi ni kavu. Asubuhi kope zinashikana kwa baridi, unazitenganisha kwa vidole, lakini mtu huzoea. Mpe Baba mdogo hongera za panga lake. Mama mwambie amsikilize daktari, na kama hataki, basi amwache angalau amalize sentensi.

Tulikuwa na vyumba vinne vya baridi. Kimoja kimekufa. Namba tatu kinakohoa. Spea zake zinatengenezwa katika nchi mojawapo iliyotuwekea vikwazo, kwa hiyo haziji. Nimekata gasketi kwenye mpira wa tairi la lori. Mkanda wa feni nimeushona kwa uzi wa viatu. Kuhusu Mei hakuna anayejua. Wanaviita vikwazo vya dharura, lakini dharura yenyewe sasa ina umri wa kwenda chekechea.

Fundi mwenzangu mmoja, mtu wa mbali kama mimi, alipata habari kwamba baba yake amefariki. Akaondoka kwa miguu kuutafuta mpaka. Walimkuta ameketi chini ya mti, mikono mapajani, ameganda. Nakuambia ili ujue kwamba mimi siyo mjinga, sitatembea.

Swali lako la pili naomba uliache. Tunagandisha kinacholetwa. Watu hawaimbi tena kazini. Kuna mlinzi mzee ambaye huvua kofia kabla ya kufungua mlango wa namba tatu. Na mimi siku hizi navua.

Mdogo wako,
Avit


Kamachumu, Muleba
25 Mei 2025

Mdogo wangu Avit,

Tunamshukuru Mungu kwa yote. Naandika nikiwa nyumbani Kamachumu, kwa haraka, maana nyumba imejaa wageni, ukoo karibu wote, na wanawake wananiita jikoni.

Mama anakusalimu. Anasema ule vizuri, umshukuru Mungu, usiwe na wasiwasi wowote.

Redio ilitangaza wiki iliyopita. Miezi sita mingine. Tulikuwa tunasikiliza wote, watu wakiwa wamejaa mpaka barazani, na hakuna aliyekohoa. Tangazo lilipoisha, Baba mdogo alizima redio, akatoka nje, akawaambia waliokuwa uani, "Basi." Neno hilo moja tu. Alichomaanisha nitakueleza siku nyingine.

Umesema mlinzi anavua kofia. Avit, mtu havui kofia kwa ajili ya samaki. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Niambie.

Dada yako,
Restituta


Bandarini
6 Julai 2025

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikuwa fupi, lakini nimefurahi kusikia nyumba imejaa watu. Salamu za Mama zilinishangaza kwa upole. Nilitegemea matusi mawili matatu kwanza. Labda uzee nao una mema yake.

Umeuliza, nakujibu. Wanaletwa kwa malori yaleyale yaliyokuwa yakibeba samaki. Ni vijana waliokufa vitani. Mwanzoni walikuwa wa jeshi la huku, na ndugu zao walikuja kuwachukua. Baadaye wakaanza kuletwa wa mataifa mengine, walioahidiwa kazi viwandani, walipofika wakapewa bunduki. Hao hawachukuliwi na mtu. Ndege za kwao haziji, benki hazipokei fedha za kuwasafirisha, na kila ofisi ukiigusa inajibu neno lilelile: vikwazo. Hao ndio wa chumba namba tatu. Kazi yangu ni kuhakikisha hawaharibiki mpaka waitwe. Hakuna anayeita.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeinama nazibua bomba la maji humo ndani. Nikaona mkono wenye rozari. Dada, ile rozari ilikuwa ya mbegu, imetungwa kwa uzi wa nyavu za dagaa. Uzi ule naujua. Kwenye kidole cha mguu kulikuwa na karatasi yenye herufi za kwao, nikamwomba mlinzi anisomee. Akasoma akijikwaa: "Goz-bert. Muta-lemwa." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikakaa palepale sakafuni.

Mfukoni mwake kulikuwa na kadi ya mpiga kura. Kisiwa cha Bumbire, Muleba. Hata miaka ishirini na tano hajafikisha.

Sasa nazungumza naye. Usidhani nimechanganyikiwa. Asubuhi nikiingia namwambia kwa Kihaya kwamba nimefika, nikitoka namuaga. Mlinzi haelewi lugha, lakini anangoja nimalize ndipo afunge mlango. Juzi nilitoka na haraka zangu bila kuaga. Sijafika ngazini nikasikia mlango unagongwa kwa ndani, mapigo matatu, ya taratibu, kama ya mgeni mwenye adabu. Ni chuma kinachojikunja kwa baridi. Mimi ni fundi, naelewa. Nilirudi nikaaga.

Naomba uende Bumbire. Watafute watu wake. Waambie mtoto wao yupo, amefunikwa, na kuna mtu wa kwao anayemwangalia mpaka njia itakapofunguka.

Avit


Rwamishenye, Bukoba
24 Agosti 2025

Mdogo wangu Avit,

Wa huku wote wanaendelea. Kahawa imechumwa na kuanikwa, Baba mdogo amelala siku mbili kwa kiuno kisha akaamka mwenyewe. Salamu za nyumbani ni zilezile.

Nimekwenda. Boti ilitokea mwalo wa upande wetu wa Muleba, imejaa kreti za soda na magunia ya unga, na mimi katikati yake. Bumbire nilipouliza nyumba ya akina Mutalemwa walinionyesha mwanamke aliyekuwa anageuza dagaa mchangani kwa fagio. Jina lake Kokugonza. Mumewe alikufa zamani, na Gozbert ndiye mtoto wake wa pekee.

Aliponiona nimevaa viatu vya mjini aliweka fagio chini.

"Umetoka Bukoba," akasema.

"Ndiyo, waitu," nikamjibu kwa adabu ya Kihaya.

"Umekuja kwa ajili ya Gozbert." Hakuwa anauliza.

Akaniingiza ndani, akanipa kahawa ya kutafuna, akangoja niimalize. Ndipo nikamwambia yote uliyonituma. Hakulia. Alichukua simu yake kwenye dirisha akanionyesha ujumbe ulioingia asubuhi ileile: "Mama shikamoo. Nipo salama. Kazi inaendelea vizuri. Umeamkaje?" Jina juu yake lilikuwa la Gozbert.

Nikadhani umekosea mtu, nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Akanishika mkono.

"Mwanangu hajawahi kuniita Mama," akasema. "Ananiita Koku. Tangu anajifunza kusema, alisikia watu wananiita hivyo, na mimi nikamwacha. Huyu anayeandika ni wakala wa ajira aliyemchukua, au mtu wake, ili nisipige kelele. Nimejua tangu Pasaka."

"Na unamjibu?"

"Kila siku."

"Kwa nini, mama?"

"Ananiuliza nimeamkaje," akasema. "Nani mwingine ananiuliza?"

Avit, alinikataza kumwambia mtu yeyote kisiwani. Shemeji zake wakisikia watataka kuzika mgomba badala ya mtu, kama wazee walivyowafanyia waliopotelea ziwani, na yeye amesema atakayechimba atakutana na panga. Hataki msiba. Anasema msiba usio na mwili ni kelele tu. Ametuma neno kwako: "Mwambie asimwache peke yake. Tangu mdogo hapendi kulala peke yake."

Aliponisindikiza mwaloni aliniuliza, "Wewe, mama yako yupo?"

Nikamwambia boti inaondoka.

Dada yako,
Restituta


Bandarini
28 Septemba 2025

Dada, shikamoo.

Asante kwa safari ya Bumbire. Nilimsomea Gozbert barua yako yote. Pale pa "Koku" ilibidi nisimame kidogo. Nimekuwa nikimuaga kila siku tangu uliponiandikia, na sasa nachelewa zaidi kutoka, mpaka mlinzi ananiletea koti.

Nina habari mbili, na zimenibana katikati.

Ya kwanza ni namba tatu. Gesi inavuja mahali nisipopafikia na kompresa inapiga kelele kama mtu anayesaga meno. Meneja amesema ikisimama hataihangaikia. Wasio na wenyewe watapelekwa kwenye shimo nyuma ya reli, pamoja, bila majina. Kwa sasa kinachoizuia isisimame ni mikono yangu na bati la kopo la maziwa.

Ya pili ni meli. Imekuja na vitunguu kutoka nchi isiyohusika na ugomvi huu. Mpishi wake ni mtu wa Mombasa. Aliposikia natukana kompresa kwa Kiswahili alikuja mbio akanikumbatia kama tumezaliwa pamoja. Amesema ana nafasi ya mtu mmoja nyuma ya stoo yake, na nahodha hatauliza. Wataondoka mwishoni mwa Novemba kabla bahari haijaganda.

Nikipanda, namba tatu haina mtu, na mtoto wa Kokugonza anaingia shimoni. Nikibaki, sijui nabaki mpaka lini. Asubuhi naamua kuondoka, nikishafungua ule mlango naamua kubaki. Nimeshindwa, Dada. Kwa hiyo nafanya kama nilivyofanya nilipokuwa mtoto na jambo limenizidi. Muulize Mama. Msomee barua zangu zote, usimfiche kitu, hata habari za maiti. Kisha niandikie jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, wala usiyanyooshe. Akisema rudi, nitapanda. Akisema nikae na mtoto wa watu, nitakaa na moyo utatulia.

Bila jibu lake sitaondoka.

Avit


Kamachumu, Muleba
12 Novemba 2025

Avit, kaa kwanza. Leo sina salamu.

Mama hawezi kukujibu. Mama alifariki tarehe saba Mei, Jumatano asubuhi, akiwa anamenya ndizi pale jikoni. Kisu kilikuwa bado mkononi. Hakuumwa siku ile, alikuwa amegombana na kuku.

Baba mdogo alikataa azikwe bila mtoto wake wa kiume. Tukamweka kwenye jokofu la hospitali. Tulipiga simu kwenye kampuni yako, siku nyingi, mpaka akapatikana mtu anayejua Kiingereza, akatuambia tungoje tangazo la vikwazo, kwamba vikiondolewa huenda ruhusa za safari zikafunguliwa siku hiyohiyo. Ukoo ukangoja. Wengine walilala kwenye nyasi za msiba zilizotandikwa sebuleni. Redio ikawekwa katikati yetu kama mgonjwa. Iliposema miezi sita mingine, Baba mdogo aliizima, akatoka, akawaambia wanaume waliokuwa uani na majembe, "Basi. Tukamchukue." Ndilo lile neno nililokuandikia nusu. Siku niliyokuandikia kwamba Mama anakusalimu, alikuwa na siku tatu kaburini na watu walikuwa bado matangani.

Nilikuficha kwa sababu ya yule mwenzako wa chini ya mti. Niliona nikikuambia utatembea. Hiyo ni sababu ya mara ya kwanza. Ya pili sina. Nilizoea tu. Nilipokuwa naandika salamu zake nilimwona kama ameketi kitandani ananiamuru niandike nini. Kule Bumbire niliposhika ile simu na kusoma "nipo salama", niliona mwandiko wangu. Hata hivyo nikarudi nyumbani nikakuandikia kwamba salamu ni zilezile.

Barua yako imenifikia juzi. Ningeweza kuandika kwamba Mama anasema rudi. Maneno yake nayajua, ningeyaiga mpaka matusi, nawe ungepanda meli ukiwa na furaha. Nilianza kuandika hivyo. Nilifika kwenye "Mama anasema", kalamu ikasimama, na karatasi ile nimeitia motoni.

Badala yake nilimpigia simu Mama Gozbert nikamsomea barua yako na nikamwambia na ya Mama. Alinipa pole kwanza. Tangu Mei nimepewa pole na watu wengi, lakini ile ndiyo iliyonivunja, nikalia dukani mbele ya mteja. Akangoja. Kisha akasema:

"Mwambie aondoke."

Nikamwambia, "Mama, unajua watampeleka shimoni."

"Najua. Mwanangu hana baridi tena. Wako anayo."

Hilo ndilo jibu la mama, Avit. La mama mwenye haki ya kulitoa. Na mimi dada yako nasema panda. Usiage mtu, usikusanye vitu. Sista Esther ameahidi kuituma hii kwa njia ya haraka zaidi anayoijua.

Redio imetangaza asubuhi hii. Unajua ilichosema.

Restituta


Bandarini
21 Desemba 2025

Dada, shikamoo.

Barua yako ya Novemba nimeipata tarehe kumi na mbili Desemba. Meli iliondoka Novemba ishirini na saba. Yule mpishi alikuja mara mbili kunigongea. Nilimwambia nangoja jibu la Mama. Alinitazama, akaniachia chapati zilizofungwa kwenye taulo, akaenda zake.

Juu ya hilo sitaandika zaidi.

Nimejaribu kukumbuka tarehe saba Mei. Watu husimulia kwamba huota, au kikombe huanguka, au husikia wanaitwa. Mimi sikusikia kitu. Nimeangalia kwenye kumbukumbu za kazi: nilikuwa nabadilisha mkanda wa feni. Nadhani nilikuwa napiga mluzi. Huo mluzi ndio unaonirudia.

Namba tatu ilisimama mwanzoni mwa Desemba. Ilikuwa ni vali moja ya shaba, ambayo Mwanza ningeingia dukani nikatoka nayo mfukoni. Lori la shimoni likaitwa. Kabla halijafika mimi na mlinzi tulimtoa Gozbert kwa mkokoteni wa makaa tukampeleka kwa masista. Walikubali apumzike kwenye makaburi yao, nyuma ya jiko. Ardhi ilikuwa kama jiwe. Tuliwasha moto juu yake tangu asubuhi mpaka jioni, tukiusogeza sogeza, ndipo ikakubali sululu. Tulikuwa mimi, mlinzi, na masista wanne. Nilisema maneno ya kwetu. Sikuyakumbuka yote, mengine nikayachanganya na ya ubatizo. Nilimwita jina lake lote, na la ukoo, na la kisiwa, na nikamwambia kwamba Koku ndiye aliyenituma. Msalaba wake una herufi zetu. Jina la mahali alipolala, ambalo siliandiki humu, Sista mkuu atalituma kwa Sista Esther kwa njia yao.

Udongo wa kwanza niliutupa kwa niaba ya Koku. Wakati huo sikujua kwamba nilikuwa na udongo mwingine wa kutupa. Barua yako ilipofika nilirudi pale. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Nilifukua kwa mikono mpaka nikapata bonge la udongo, nikalivunja, nikalitupa palepale nikasema huu ni wa Mama. Sijui kama unahesabika. Sikuwa na pengine pa kuutupa.

Wengine wa namba tatu sikuweza kuwatoa. Nimeandika majina niliyoweza kusomewa.

Chumba sasa ni kitupu, mashine haina umeme, na baridi ya ndani na ya nje ni moja, hakuna cha kukunja chuma. Bado kinagonga. Napita nasimama mlangoni nasema nimefika, na jioni nasema naondoka. Nadhani wanajua kwamba nawadanganya, maana siendi popote.

Wanasema bahari ikiyeyuka huenda meli nyingine ikaja. Wengine wanasema Mei. Wewe usiniandikie kwamba Mei vitaisha.

Avit


Bumbire, Muleba
15 Februari 2026

Mdogo wangu Avit,

Nyumbani tunaamka na kulala. Baba mdogo ameanza kusahau majina, lakini lako halisahau. Kaburi la Mama limekaa vizuri, tumepanda majani juu yake.

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Nimekuja nayo huku nikamsomea Mama Gozbert. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akaomba nirudie pale pa moto. "Waliwasha moto juu ya ardhi?" "Ndiyo." "Siku nzima?" "Siku nzima." Nikarudia mara ya tatu. Ndipo akachukua simu yake akanipa, akanitajia nini cha kuandika kwa yule anayemwandikia: "Gozbert amezikwa. Usiniandikie tena."

Nikatuma. Hatukuwa tumeiweka chini, simu ikalia. Ujumbe ulikuwa na maneno mawili: "Pole mama."

Aliyasoma. Akaizima simu. Kisha, Avit, alipiga ukunga ambao sijawahi kuusikia tangu nizaliwe. Wanawake waliacha dagaa mchangani wakaja wanakimbia, ndege wakashukia dagaa na hakuna aliyewafukuza. Kisiwa chote kililia. Shemeji zake walipozungumza habari ya mgomba akawaambia, "Mwanangu ana kaburi lake," na wakaliacha jambo hilo. Leo ni siku ya nne ya matanga. Mimi napika na wengine.

Jana watu walipopungua aliniuliza, "Na wako atakuja lini?"

Nilimwambia sijui. Nikamwambia meli ilikuwepo, na iliondoka ikimwacha kwa sababu alikuwa anangoja jibu la marehemu, na aliyemfanya marehemu aonekane hai ni mimi. Nilitaka aniambie siyo kosa langu. Hakuniambia. Alisogea kwenye mkeka akaacha nafasi ubavuni mwake.

"Kaa," akasema. "Kusubiri mimi nakujua. Nitakufundisha."

Nimekaa, Avit. Nakuandikia nikiwa hapo hapo.

Dada yako,
Restituta